Maswali ya Wasomaji: Makala Kuhusu Maadili ya Wachapishaji Ipelekwe Wapi, na kwa Njia Gani?

Tangu tuzungumzie mikataba ya waandishi wa vitabu vya shule, barua zimeendelea kufika, na nyingi zimetoka kwa watu ambao hawataki kulalamika tu bali wanataka kuandika makala ya kitaaluma kuhusu jambo hilo. Nimechagua nne. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mhariri, salamu. Nimemaliza tasnifu ya uzamili kuhusu maadili katika uchapishaji wa vitabu vya shule, hasa tangu Serikali ilipoanza kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Nilifupisha sura moja ikawa makala, nikaituma kwa majarida mawili kwa pamoja ili nisipoteze muda. La kwanza halijajibu. La pili lilijibu baada ya siku nne kwamba makala imekubaliwa bila marekebisho yoyote, na kwamba nilipe dola 180 kabla ya Ijumaa. Nilipe? – Mwanafunzi wa uzamili, Kahawa West

Usilipe. Lakini kabla sijaeleza sababu, niruhusu niseme jambo ambalo hukuuliza: kosa la kwanza katika mkasa huu ni lako mwenyewe. Unapowasilisha makala, karibu kila jarida hukutaka uthibitishe kwamba haijachapishwa wala haichunguzwi mahali pengine, kwa hiyo katika majarida hayo mawili umethibitisha jambo lisilo la kweli. Mhariri hutafuta wataalamu wawili au watatu wa kusoma kazi yako, kwa kawaida bila malipo, na wewe umewafanya watu wa pande mbili waifanye kazi moja bila kujuana. Yakichapisha yote mawili, moja litalazimika kuiondoa makala yako hadharani. Mtafiti anayemkemea mchapishaji kwa kuuza kitabu kile kile chini ya majalada mawili hana budi kuliona hilo.

Sasa turudi kwenye zile siku nne. Uhakiki wa wataalamu wenza huchukua majuma, mara nyingi miezi, na ni nadra sana makala ya mwandishi chipukizi kupita bila kuguswa. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotuma makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayosomwa bila malipo, na 157 yakaikubali. Tatizo halikuwa ada. Majarida mengi ya heshima hutoza ada ili msomaji asome bure, na baadhi huisamehe kwa watafiti wasio na ruzuku wakiomba mapema. Tatizo ni kuuziwa idhini kabla ya mtu kusoma ulichoandika.

Kulipima jarida si kazi ngumu, ila inataka uangalie nje ya tovuti yake. Tafuta jina lake katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bila malipo iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, au katika African Journals Online, hazina ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998. Likijigamba kuwa mwanachama wa COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoundwa Uingereza mwaka 1997, usiridhike na nembo, kwa kuwa nembo hubandikwa na yeyote. Tafuta jina katika orodha ya COPE yenyewe. Kisha mwandikie mmoja wa wanabodi waliotajwa umuulize kama anajua yumo. Nimewahi kufanya hivyo, na profesa aliyenijibu alikuwa hajawahi hata kulisikia jarida ambalo alidaiwa kulihariri.

Liandikie jarida la pili barua fupi ya kuondoa makala, utunze nakala, na usitie saini fomu yoyote ya kuhamisha hakimiliki. Wakidai ada ya kuondoa, usilipe. Mhariri wa jarida la kwanza mweleze ukweli wote kwa aya moja. Huenda akaikataa makala, na atakuwa na haki. Ikiwa hivyo, yapo majarida yanayoshughulikia uchapishaji wenyewe, kama vile Learned Publishing, Journal of Scholarly Publishing na The African Book Publishing Record. Chagua moja, usubiri.

Msimamizi wangu anasema ni desturi jina lake litangulie langu. Alisoma rasimu mara mbili na kusahihisha lugha. Nifanyeje bila kumvunjia heshima? – Msomaji, Ngara

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyokutana mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi, na taaluma nyingine nyingi zimeyaazima: awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua, awe ameandika au kuhakiki maudhui kwa kina, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Anayesahihisha lugha tu hushukuriwa katika maelezo ya shukrani.

Jihadhari, hata hivyo, usimpunje. Ikiwa ndiye aliyekuonyesha swali la kuuliza na namna ya kuzichambua data, huenda anastahili kuwa mwandishi mwenza, japo si wa kwanza. Mwendee kabla ya kuwasilisha na umwambie, “Mwalimu, jarida linataka kila mwandishi aeleze mchango wake, naomba tuuandike pamoja.” Aghalabu karatasi hiyo humaliza mjadala ambao mwanafunzi hawezi kuuanzisha kwa mdomo wake.

Nilikuwa mhariri kwa miaka sita katika kampuni moja ya vitabu hapa jijini. Nimeona waandishi wakicheleweshewa mrabaha, yaani mgao wao wa mauzo, na taarifa za mauzo zisizoeleweka. Ninazo nakala za mikataba na baruapepe. Naweza kuzitumia katika makala? Na niitaje kampuni? – Aliyekuwa mhariri, South B

Swali lako ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu una jambo la kweli la kusema na njia uliyonayo ya kulisema ni mbovu.

Nakala hizo ulizipata ukiwa mwajiriwa, na yamkini ulitia saini ahadi ya kutunza siri. Zaidi ya hayo, zina majina, malipo na pengine nambari za akaunti za waandishi, ambazo ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Ziweke kando. Waendee waandishi wenyewe, kwa maana kila mmoja anayo nakala ya mkataba wake na taarifa zake za mrabaha, na ana uhuru mkubwa kuliko wako wa kukuonyesha, ingawa mwombe kwanza asome kama mkataba wake nao una kifungu cha siri. Ila kabla ya kumhoji wa kwanza, pata idhini ya kamati ya maadili ya chuo au taasisi unayofanyia utafiti, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayotakiwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Kamati hazina desturi ya kubariki mahojiano yaliyokwisha kufanywa, na jarida makini litakuuliza nambari ya idhini.

Kuhusu kuitaja kampuni: mwezi wa Februari 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Watu wengi walidhani tangu hapo mambo ni huru. Kesi ya madai ingali ipo, na anayejitetea kwa kusema ameandika ukweli ndiye anayepaswa kuuthibitisha. Kwa makala ya kitaaluma, kutaja jina mara nyingi hakuongezi hoja yoyote, kwa kuwa unachochunguza ni utaratibu wa malipo na si kampuni moja.

Kuficha jina nako kuna ustadi wake. Ukiandika “mhariri mwandamizi wa vitabu vya Kiswahili katika kampuni iliyoko Westlands”, umeficha nini? Nairobi ya wachapishaji ni kijiji. Wanajuana kwa sauti za simu. Ondoa mtaa, ondoa cheo, na ikibidi unganisha maelezo ya wahojiwa wawili kwa kumweleza msomaji kwamba umefanya hivyo.

Mwisho, tangaza wazi kwamba uliwahi kuajiriwa katika sekta hii. Mfumo wa kuwasilisha ukikuomba upendekeze wahakiki, usiwataje uliokula nao chakula cha mchana kwa miaka sita, na mweleze mhariri kwa siri ni nani asingefaa kukuhakiki na kwa nini.

Makala yangu niliiandika kwa Kiswahili. Je, niitafsiri kwa programu ya akili unde ndipo niiwasilishe? – Mwalimu, Kayole

Si lazima uitafsiri. Jarida la Kiswahili la TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchapisha kwa lugha yetu, na Swahili Forum husomwa bila malipo. Hakikisha tu kwamba mada yako inaingia katika upeo wa jarida, maana yote mawili huegemea lugha, fasihi na jamii. Ukitaka baadaye itoke kwa lugha nyingine pia, waeleze wahariri wa pande zote mbili, upate ruhusa, na utaje chapisho la kwanza, la sivyo utakuwa umerudia kosa la ndugu yetu wa Kahawa West.

Kuhusu programu, COPE ilisema mwaka 2023 kwamba programu ya akili unde haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Ukiitumia, sema umeitumia na kwa kazi gani, kisha usome kila neno. Juzi nililetewa tafsiri moja ambamo mwandishi alikuwa ameupeleka mswada wake kwa mchapishaji, lakini programu ikaupeleka Bungeni, ukasomwa mara ya kwanza.