Land Rover 109 ya mzee: anzia chini, rangi baadaye

Kaka, umesema 109 ya marehemu baba imelala miaka hapo Raskazone, bodi haina kutu, na fundi anataka apige rangi tu. Usikubali bado. Bodi ya gari hiyo ni alumini, ndiyo maana inaonekana nzima. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, na ukuta wa mbele unaotenga injini na abiria ni chuma, na upepo wa chumvi wa Tanga unakula huko, tena kuanzia ndani.

Ingia uvunguni na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote, hasa boriti ya nyuma na mahali springi zinaposhika. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na unga mwekundu unamwagika. Toa mipira ya sakafuni, bonyeza kwa bisibisi pembe za pale miguu inapokaa. Ikizama, hapo hakuna chuma tena.

Puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, sitaki kuisikia kwenye chesisi, ni hatari kwa roho za watu. Akate hadi chuma safi, achomelee bati nene. Kabla ya moto wa kuchomelea, tanki la mafuta litoke na betri ichomolewe. Baadaye pulizeni oili ndani ya chesisi, na matundu ya kutolea maji msiyazibe.