Kabla hujanunua hiyo darubini ya 30x60

Kila kiangazi kikikaribia nayaona yaleyale. Kijana kapata nafasi yake ya kwanza kwenye kambi ya uwindaji, kapewa kianzio, na kabla hajanunua hata viatu vya maana keshapita madukani Ngamiani hapa Tanga akatoka na darubini yenye lenzi nyekundu kama macho ya mlevi. Ubavuni imeandikwa 30x60, na chini yake maneno ya kwamba inaona mchana na usiku. Wanangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

Niliwahi kuiweka moja ya hizo kando ya 8x42 ya kweli, tukamtazama mbuzi yuleyule. Ukubwa wa mbuzi ulikuwa uleule, ila kwenye ile nyekundu alikuwa ameingia jioni saa tisa mchana. Hiyo rangi nyekundu inarudisha nje sehemu ya mwanga ambao ndio ungekusaidia. Na habari ya usiku, kioo hakitengenezi mwanga. Kinakusanya uliopo, basi.

Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Hayo mlishafundishwa kwenye vyuo vya wanyamapori, Mweka na Pasiansi, siyarudii. Nitasema yale ambayo vyuoni hupitiwa haraka.

1. Chagua kati ya 8x42 na 10x42. Ukigawa 42 kwa 8 unapata milimita 5.25, ndio upana wa mwanga unaolifikia jicho. Kwa 10 unapata 4.2. Saa saba mchana hutaona tofauti, maana mboni yenyewe imejikunja hadi milimita mbili au tatu. Tofauti utaiona ile saa kumi na mbili na kitu jioni, jua limezama, simba anaanza kunyanyuka. Mboni ya kijana hufunguka gizani mpaka karibu milimita 7, kwa hiyo jicho lako linaudai mwanga ambao 10x42 haina wa kukupa. Tena 8x42 inakufungulia uwanja mpana zaidi: nyingi zinakuonyesha karibu mita 130 kwa umbali wa mita 1000, wakati 10x42 nyingi zinaishia kwenye 110 au chini ya hapo. Kundi la swala likikimbia utaijua thamani ya hizo mita ishirini.

Mtu ataniambia, mzee, nyika ni wazi, kule tunatazama mbali, bora mara nyingi zaidi. Nenda bandarini ukaulize nahodha anatumia nini. Utakuta 7x50. Mtu anaitazama bahari, hakuna mahali wazi kuliko hapo, na anatosheka na mara saba, kwa sababu sitaha inacheza na kila mtikisiko unakuzwa pamoja na picha. Wewe uko juu ya Kruza injini inanguruma, au umetoka kutembea kilomita sita unahema, halafu unataka mara 16.

Msimamo wangu ni huu. Anayekaa juu ya gari na ana mahali pa kuegemeza viwiko, 10x42 ni darubini nzuri ya nyika na simlaumu. Anayetembea mbele akifuata nyayo achukue 8x42. Wa 12 kwenda juu anunue na miguu mitatu ya kuisimamishia.

2. Usinunue namba ya kuwatambia wenzio. Hapa niwape langu, maana wengi mmelisikia nusunusu, na aliyewasimulia najua ni dereva ambaye siku ile hata hakuwepo.

Nilikuwa na umri wenu. Niliuziwa 12x50 na mtu wa melini, kwa bei ya mtu mwenye haraka asiyetaka maswali. Ilikuwa nzito, mkanda wake mwembamba unanikata kisogo, lakini kila nikiitoa wenzangu wananiomba wachungulie, nami nafurahi. Tukapita Segera, Handeni, tukaiacha Kibirashi nyuma, tukapiga kambi kule nyika inakoelekea Kiteto. Mgeni alitaka kongoni. Kibali kilikuwa cha dume mmoja.

Kongoni mnamjua. Dume ana pembe, jike ana pembe. Za dume ni nene zaidi kwenye shina na shingo yake imejaa, lakini kwa mbali, mnyama kakaa upande, kinachokata shauri ni chini ya tumbo. Kazi yangu siku ile ilikuwa hiyo tu, kutazama chini ya tumbo. Tuliwafuata kwa miguu tangu alfajiri, upepo ukatugeuka wakatunusa, tukazunguka, na tulipowakuta tena ilishafika saa tano. Nikachuchumaa nyuma ya kichuguu nikainua 12x50 yangu. Kundi zima lilikuwa linaelea. Mazigazi yalikuwa yanapanda kutoka ardhini, miguu ya kongoni inakatika na kuungana, na juu ya hayo moyo wangu mwenyewe ulikuwa unaitikisa darubini, kila pigo mara kumi na mbili. Mmoja alisimama pembeni kidogo ya wenzake, mkubwa, mwekundu, pembe nene. Chini ya tumbo nikaona kivuli. Naapa nilichoona ni kivuli.

Msasi, yaani mwindaji aliyeongoza msafara, akaniuliza kwa nyusi. Mgeni keshaegemeza bunduki kwenye fito, kidole kiko tayari. Tulikuwa na mzee mmoja wa Kizigua, mfuata nyayo wa siku nyingi, na 8x30 yake ya kizamani iliyochubuka mpaka shaba inaonekana. Akanong'ona, "Mimi tumbo bado sijaliona." Nami mwenye namba kubwa nikasema: dume.

Alianguka palepale. Tulipofika, askari wa wanyamapori ndiye aliyemgeuza. Chuchu zilikuwa zimejaa, na moja inachuruzika maziwa juu ya majani makavu. Ndama hatukumwona, kongoni wachanga hulazwa majanini wakajificha. Hakuna aliyefungua mdomo. Msasi aliniangalia mimi, akaiangalia ile darubini, akaniangalia tena. Askari akatoa daftari lake, na jina langu liliandikwa humo. Yaliyofuata kati ya kampuni na wakubwa sikuitwa kuyasikiliza. Bakshishi niliiaga palepale, na msimu uliofuata sikuitwa kambini.

Wengi nikiwasimulia wanasema darubini ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Mzee na 8x30 yake alikuwa na picha ndogo iliyotulia, akajua wazi kwamba tumbo hajaliona. Mimi picha yangu ilikuwa kubwa mno hata nikadhani nimeona. Hilo ndilo linalonifanya nipige kelele nikiona kijana ananunua mara 20. Na mazigazi hayaponywi na kioo cha bei yoyote: ukikuza zaidi unayakuza nayo. Saa tano ya nyika unasogea karibu, unasubiri upepo uyapeperushe, au unamwambia Msasi hujaona. Atanuna, yakhe. Mwache anune.

3. Bei. Ninaposema bei ya kati nazungumzia dola 250 hadi 500 hivi. Chini ya hapo sana unanunua maandishi ya kwenye boksi, na juu ya elfu mbili ni zile za wageni, za Swarovski na Leica, ambazo tofauti yake ipo kweli, ila haitakulipia ada ya mtoto. Katikati hapo kuna Nikon Monarch M5, Vortex Diamondback HD, Zeiss Terra ED, na zote zina 8x42 na 10x42. Sikuuzii yoyote. Nakwambia tazama haya: prizimu, vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha, ziwe za kioo cha BaK-4, na zilizopakwa tabaka la kurekebisha awamu ya mwanga kama ni darubini ya mabomba yaliyonyooka, lenzi zilizopakwa tabaka nyingi pande zote, na ndani kujazwe naitrojeni na kuzibwa maji. Kioo cha ED kinapunguza ule ukingo wa zambarau kwenye pembe za mnyama aliyesimama kwenye mwanga mkali. Ni kizuri, lakini usikinunue kwa kuacha hayo mengine.

Mvaa miwani aulize umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi, usipungue milimita 15, na vikombe vya macho avikunje chini.

4. Ijaribu kabla hujalipa, na si ndani ya duka. Duka zima lina taa, kila darubini inapendeza. Muuzaji akikubali, mchukue mtoke naye mpaka ufukweni Raskazone jioni. Tazama mlingoti wa meli iliyotia nanga, nyuma yake mbingu angavu: ukingo ukiwa na mstari mnene wa zambarau au kijani, umeshajua kioo. Subiri jua lizame, ujaribu kusoma majina ya vyombo huku mwanga unakwisha, wewe na darubini mbili mkononi. Muuzaji atachoka kabla yako. Kisha tafuta waya wa umeme uliolala, utazame, halafu uisogeze darubini polepole mbali na macho. Ukiona waya wa jicho la kushoto na wa jicho la kulia inaachana, mmoja juu mmoja chini, mirija haiko sambamba. Irudishe. Hiyo ndiyo inayokupa kichwa kuuma kila saa nne asubuhi, halafu unasema ni jua.

Kama ni mtumba, na hapa Tanga mitumba mizuri hutokea, ishike mbali na uso uielekeze mbinguni: duara za mwanga ziwe duara kamili, zisikatwe pembe. Halafu mulika tochi kutoka lenzi ya mbele uchungulie ndani. Ukiona nyuzi nyembamba zimejitandaza, hiyo ni kuvu, na fundi wa kuitoa bila kuivuruga mirija si yule anayerekebisha redio.

5. Kuvu inanipeleka kwenye jambo ambalo wa bara hawalijui. Darubini iliyokaa nyika miezi mitano haina shida. Inaharibikia nyumbani kwetu, masika, kabatini, ndani ya mfuko wake wa ngozi uliomeza unyevu wa Tanga. Mfuko wa ngozi utundike ukutani kama pambo. Darubini iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uitoe mara moja moja ipate mwanga. Ukitoka nayo ufukweni ifute chumvi, na kama imezibwa maji kwelikweli isuuze kwa maji baridi ya bomba.

Vumbi lipulizie kwanza kabla ya kufuta. Ncha ya shati ina mchanga kuliko unavyodhani.

Mkanda wa boksini uweke pembeni, tafuta ule wa kuvuka mabega unaoilaza darubini kifuani.

6. Pete ya diopta, ile ndogo ya upande wa jicho la kulia inayosawazisha macho mawili. Nimeona vijana wamemaliza msimu mzima hawajaigusa. Ziba jicho la kulia, lenga kitu kwa gurudumu la katikati mpaka kiwe wazi kwa la kushoto. Kisha ziba la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete mpaka la kulia nalo lione wazi. Unafanya mara moja, ukimaliza unaweka alama. Alama ni ya lazima, kwa sababu dereva ataiazima, atazungusha kila kinachozunguka, na atakurudishia anasema imeharibika. Mimi natumia tone la rangi ya kucha ya mke wangu. Hina nilijaribu kwanza, haikamati kwenye raba.