Umehamia Pemba na Wewe ni Mkatoliki: Anzia Jumuiyani

Kila mwaka boti na meli zinazotia nanga bandari ya Mkoani huleta watu wapya kisiwani Pemba: askari aliyehamishwa kituo, mfanyakazi wa benki, muuguzi, fundi ujenzi, kijana aliyepata kazi hotelini, mke au mume aliyemfuata mwenzake. Baadhi yao ni Wakatoliki waliokulia katika parokia za bara zenye Misa tatu au nne kila Dominika, kwaya zaidi ya moja, na umati ambao mtu anaweza kuingia na kutoka bila mtu yeyote kumuuliza jina. Hapa watakuta kanisa dogo, Misa moja, nyuso zile zile, na Dominika nyingine hakuna padre kabisa, kwa sababu amekwenda kigangoni, kwenye kanisa dogo la pembeni la parokia, au amevuka kwenda Unguja kwa shughuli za jimbo. Nimeishi katika parokia ya namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza kama mgeni, baadaye kama msomaji wa masomo na katibu wa jumuiya, na ninaandika ili nimwambie anayekuja jambo moja ninaloliamini kwa moyo wote: usiisubiri Dominika ikuingize kanisani. Ingia kwanza katika jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wako, yaani kikundi cha waamini wa eneo moja wanaosali pamoja katikati ya wiki, na Dominika itakuwa yako.

Mpangilio huu si jambo la Pemba peke yake. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, na Tanzania ilizipokea kwa nguvu. Tofauti ni kwamba bara jumuiya yaweza kuwa nyumba kumi au kumi na tano za barabara moja, watu wanaoonana kila siku dukani na kisimani. Hapa Wakatoliki ni wachache na wametawanyika, hivyo jumuiya moja hukusanya watu wa shehia kadhaa, yaani mitaa ya kiutawala ya huku visiwani, na mama mmoja huweza kupanda daladala na kutembea kwa miguu ili afike kwenye sala ya saa moja. Kwa hiyo hutaipata jumuiya yako kwa kusikia nyimbo dirishani. Itakubidi uiulizie, na mtu wa kumuuliza ni katekista, mwalimu wa dini wa parokia, ambaye mara nyingi ndiye anayejua kila familia inaishi wapi na nani amefika karibuni.

Ukienda kumwona, nenda na karatasi zako. Omba barua ya utambulisho kutoka parokia unayotoka kabla hujasafiri, na ubebe cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na cha ndoa kama umefunga. Watu wengi huviacha vyeti nyumbani kwa wazazi, kisha siku wanapotaka kumbatiza mtoto, kusimamia ubatizo wa mtoto wa rafiki, au kufunga ndoa, huanza kupiga simu mikoani kutafuta daftari la ubatizo la miaka thelathini iliyopita. Kwa ndoa, jua pia kwamba utahitaji cheti cha ubatizo kilichotolewa upya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita. Anayeanza kufuatilia mapema huwa na amani.

Sasa nieleze sala yenyewe, kwa sababu hapo ndipo uhai wa parokia yetu ulipo. Jumuiya yetu hukutana alasiri, baada ya watu kutoka kazini na kabla ya adhana ya Magharibi. Muda huo umechaguliwa kwa makusudi, ili tusiwe tunaimba wakati majirani wanasali. Tunavua viatu mlangoni na kukaa mkekani, wazee wanapewa viti, watoto wanakaa mbele. Mwenyekiti huanza kwa kusalimia, “Tumsifu Yesu Kristo,” nasi hujibu, “Milele, amina,” kisha tunaichukua Injili ya Dominika inayokuja na kuifuata kwa zile hatua saba zinazojulikana katika jumuiya nyingi: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua neno au kifungu na kukirudia kwa sauti, kukaa kimya, kushirikishana lililogusa moyo, kuangalia tunaitwa kufanya nini, na kufunga kwa sala. Ukiwa mgeni, usiogope hatua ya tano. Hakuna anayetegemea mahubiri kutoka kwako, na wala hairuhusiwi kubishana au kumsahihisha mwenzako. Unasema neno lako kwa ufupi, wengine wanalipokea.

Hatua ninayoitetea kuliko zote ni ya sita, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorukwa pale watu wanapoharakisha kurudi nyumbani. Mwaka mmoja tulikuwa tunaisoma Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ile ya Mathayo sura ya 20, ambayo husomwa mwezi Septemba katika Mwaka A wa ule mzunguko wa miaka mitatu (A, B na C) wa masomo ya Dominika. Kijana mmoja fundi rangi, mtu wa maneno machache, alirudia kile kifungu kuhusu watu waliosimama sokoni mchana kutwa bila mtu wa kuwaajiri, akanyamaza. Tulipofika kwenye kushirikishana alisema kwamba kazi ya ujenzi aliyokuwa akiifanya ilisimama zaidi ya mwezi uliopita, kwamba kila asubuhi hutoka nyumbani na ndoo yake ya brashi ili mwenye nyumba asijue, na kwamba hukaa pale kwenye mwembe hadi jua linapopungua. Alikuwa akija Misa kila Dominika muda wote huo, shati limepigwa pasi, akitoa sadaka yake, na hakuna aliyejua. Katika hatua ya sita mzee mmoja alikumbuka kwamba skuli fulani ilikuwa inatafuta mtu wa kupaka rangi madarasa, na mama mwingine akajitolea kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu kodi. Misa haina nafasi ya mtu kusimama na kusema habari kama hiyo, wala haikuwekwa kwa ajili hiyo. Ndiyo maana wiki inahitaji mahali pengine.

Ukishafahamika jumuiyani, utaombwa kazi parokiani, na ushauri wangu ni kwamba uikubali kazi ndogo na kuishika bila kulegalega. Parokia kubwa ina wasomaji wengi wa akiba. Kwetu msomaji asipofika bila taarifa, katekista huanza kuangaza macho kwenye mabenchi dakika tano kabla ya Misa. Kama umepewa somo, lichukue mapema. Jua tuko Mwaka A, B au C, lisome kwa sauti nyumbani, uyazoee majina ya miji na watu wa Agano la Kale, na ujue sentensi inapumulia wapi. Watu waliotoka mbali na kusubiri wiki nzima wanastahili kulisikia Neno likisomwa na mtu aliyeliandaa.

Kama hupendi kusimama mbele ya watu, iko sakristia, chumba cha kutunzia mavazi na vyombo vya Misa, na sakristia ya kisiwani ina madai yake. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika unyevu huo huingia kila mahali. Hostia, ile mikate myembamba ya Misa, ambazo kwa sheria ya Kanisa hutengenezwa kwa unga wa ngano na maji tu, hulegea na kuota ukungu haraka zikiachwa kwenye mfuko uliofunguliwa, hivyo tunazihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, na anayehusika hulikagua kila Jumamosi. Mavazi ya Misa lazima yatolewe kabatini na kupepewa, la sivyo kanzu nyeupe inapata madoa ambayo hayatoki tena. Vyuma vya vinara na vya milango hushika kutu. Aliyezoea kazi hii hutambua kwa kunusa tu kwamba kabati limefungwa muda mrefu mno. Ni utumishi usioonekana, nami nawaheshimu sana wanaoufanya.

Zipo Dominika ambazo padre hayupo, na hapo ndipo imani ya wengi wetu hupimwa. Kuna anayesema, “Leo hakuna Misa, nitasali nyumbani.” Tafadhali usiwe wewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inahimiza kwamba pasipokuwa na padre waamini washiriki Liturujia ya Neno katika kanisa lao, na katekista aliyeandaa ibada hiyo kwa uaminifu anastahili kukuta mabenchi yana watu. Nimeona ibada zilizoongozwa na katekista, nyimbo bila kinanda, watu wachache, na sala za waamini ambazo kila mmoja alizitoa kwa sauti yake mwenyewe, zikawa na kicho kikubwa. Wafanyakazi wa zamu, hasa wa hoteli na hospitali, wana tatizo jingine, kwa kuwa Dominika asubuhi ndiyo wanapohitajika kazini. Kwao nasema: mwelezeni paroko ratiba zenu waziwazi, kwa kuwa Misa ya Jumamosi jioni hutimiza amri ya Dominika, na paroko akijua kuna watu watakaofika ataweza kuipanga.

Kuhusu majirani, wengi wanaokuja kutoka bara hufika na wasiwasi, na sitaudharau. Watu wanakumbuka kwamba Februari 17, 2013, siku ya Dominika, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa kupigwa risasi kule Beit el-Ras, Unguja, akienda kuadhimisha Misa. Tunamwombea hadi leo. Lakini kuishi umejificha si dawa. Mwambie jirani yako kwa utulivu kwamba wewe ni Mkristo, mpigie hodi, msalimie kwa heshima anayostahili mkubwa wako, na ujitambulishe kwa sheha, kiongozi wa shehia, kama inavyotakiwa. Wala usijione mwenye kukanyaga nyumba ya watu, kwa maana Kanisa lina mizizi ya zamani visiwani hapa: mapadre kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860, na ni kutoka Unguja ambapo Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka mwaka 1868 kwenda kuanzisha misheni ya Bagamoyo.

Heshima huonekana katika mambo ya kila siku. Mwezi wa Ramadhani kula na kunywa ndani, uwafundishe na watoto wako wasitafune barabarani mbele ya wenzao waliofunga, na mazoezi ya kwaya yasigongane na tarawehe. Kina mama, kujitanda kanga mnapokwenda kanisani hakupunguzi imani yenu hata kidogo. Noeli au Pasaka mkitaka kuwapelekea majirani chakula, mwombeni Mwislamu awachinjie kuku au mbuzi, na mseme wazi kwamba amechinja yeye, ili mpokeaji ale bila shaka moyoni. Kukitokea msiba kwao, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu maziko yao hayacheleweshwi. Ukingoja mwisho wa wiki utakuta yamekwisha. Nasi tukifiwa, majirani hao huja kukaa nasi, na mara nyingi ndio wanaotuazima mikeka na masufuria.

Msiba kwa mtu aliyetoka bara una ugumu wake, na hapa nasisitiza. Mpe katibu wa jumuiya yako namba za simu za ndugu wawili wa nyumbani, na umweleze kijiji, wilaya na parokia yako ya asili. Jumuiya imewahi kubaki na maiti ya mwenzetu hospitalini huku tukipekua simu yake yenye nywila, hatujui tumpigie nani, wakati uamuzi wa kumzika hapa au kumsafirisha kwa meli ulikuwa ni wa ndugu zake na muda ulikuwa unakwenda. Michango ilipatikana, sala zilisaliwa; kilichokosekana ni namba ya simu.

Zaka na ahadi nitazigusa kwa ufupi. Toa kadiri ya kipato chako, toa kila mwezi badala ya kusubiri kubanwa mwisho wa mwaka, na uwe huru kuuliza mapato na matumizi, kwa kuwa kila parokia inatakiwa kuwa na kamati ya fedha kwa mujibu wa kanuni ya 537. Anayeuliza kwa adabu ndani ya kikao anaijenga parokia; anayenong’ona nje ya lango anaibomoa. Vivyo hivyo kwa magomvi ya kwaya na ya makabila: katika kundi dogo ugomvi wa watu wawili unaligusa kanisa zima, basi upelekwe kwa mwenyekiti wa jumuiya mapema, kabla watu hawajaanza kuchagua benchi za kukaa.

Watoto wako huenda wakawa Wakristo pekee darasani mwao. Usitegemee kwamba mafundisho ya Jumamosi yatatosha. Salini pamoja nyumbani, wapeleke kwenye Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha Kanisa, na waje nao mkekani jumuiyani, wasome hata mstari mmoja.

Na siku utakapohamishwa, maana wengi wetu huhamishwa, usiondoke kimya. Mwandae mtu atakayeshika nafasi yako, mkabidhi daftari au ufunguo mbele ya mwenyekiti, lipa ahadi iliyobaki, na uchukue barua ya utambulisho kwa paroko. Ukifika uendako, hata kama ni parokia ya mjini yenye maelfu ya waamini, mtafute katekista na umuulize jumuiya ya mtaa wako inakutana siku gani.