Macbeth aliharibika lini?

*Jambo Mwalimu. Mimi ni finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hapa Bagira, Bukavu. Mwisho wa mwaka shule yetu itaigiza Macbeth ya Shakespeare, na mimi ndiye nimepewa kuwa Macbeth mwenyewe. Wenzangu wanataka niwe mtu mbaya tangu mwanzo, niingie jukwaani uso umekunjwa. Mwalimu wetu wa Kifaransa anasema hapana, alikuwa mtu mwema, wachawi ndio waliomharibu. Nilipomsimulia mama, yeye alisema tu: "Tamaa mbele, mauti nyuma." Nimfuate nani? Aliharibika lini hasa? Tena, mfalme huyu aliishi kweli ao ni hadithi tu?*

Mwanangu, kwanza ukunjue huo uso.

Kabla hujaingia jukwaani, watu wameshakusifu. Askari anayevuja damu anamweleza mfalme Duncan jinsi Macbeth alivyompasua mwasi kutoka kitovuni hadi tayani, na mfalme anafurahi, anamwita ndugu yake shujaa. Mkono unaokuja kumuua mfalme huyo kitandani ni huohuo ulioshangiliwa vitani. Ukiingia na sura ya jambazi, watazamaji hawatakuwa na mtu wa kumlilia, na bila huzuni hiyo hakuna tanzia, yaani mchezo wa anguko la kuhuzunisha. Aristotle aliliona hilo zamani sana: anguko la mwovu halitutii uchungu. Anayetuuma ni mtu mwenye heshima zake anayeponzwa na kosa lake mwenyewe.

Sasa wachawi. Yasome tena maneno yao, hakuna mahali wanaposema "ua". Wanamwambia atakuwa mfalme, basi. Na rafiki yake Banquo yuko palepale kando yake, naye ameahidiwa kwamba uzao wake utatawala. Usiku Banquo anasumbuliwa na mawazo mabaya, anaomba nguvu za mbinguni zimzuie. Macbeth yeye alishtuka mara tu aliposikia, mpaka rafiki yake akamuuliza kwa nini anaogopa habari njema kiasi hicho. Mimi naamini alishtuka kwa sababu wazo lile alikuwa ameshakutana nalo.

Hapa Bukavu tukisema "huyu kijana ana ambisyo", tunasifu. Mzazi anauza mbuzi alipe minerval, karo ya shule, kwa ajili ya hiyo ambisyo, na ana haki. Mimi pia sitaki mwanafunzi asiyetamani kitu. Lakini kiti anachokitamani Macbeth kina mwenyewe, na mwenyewe atalala kwake usiku huu.

Kaa sana kwenye tendo la kwanza, onyesho la saba, maana jibu lako liko hapo. Macbeth yuko peke yake, wageni wanakula chumba cha pili. Anahesabu: Duncan ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, tena ni mgeni wangu. Mwenye nyumba, anasema, ndiye angefunga mlango mwuaji asiingie, si kushika kisu yeye mwenyewe. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa. Mgeni anapewa kitanda kizuri, baba mwenye nyumba analala karibu na mlango. Baada ya hesabu hiyo anamwambia mkewe: jambo hili tuliache. Sema maneno hayo kwa kumaanisha kabisa, kwa sababu ni mara ya mwisho kumsikia yule Macbeth wa mwanzo.

Mkewe hamletei hoja mpya hata moja. Anagusa kwanza uanaume wake: unaogopa, wewe si mwanaume. Mtu ambaye jeshi zima halikumweza anavunjwa na neno hilo, tena kwa dakika chache. Nimeliona likifanya kazi kwa vijana wa mji huu, na sipendi hata kuliandika.

Kwa hiyo hakudanganywa. Alijua kila kitu, akakipima, akakiuka.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tunafanya mazoezi ya mchezo huu katika ukumbi wa parokia kule Kadutu. Macbeth wetu alikuwa kijana wa kwaya, ameshika vijiti viwili vya mikaratusi tulivyopaka rangi kuwa visu. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Tulifika pale anapomsimulia mkewe kwamba aliwasikia watu wawili wakiamka usingizini. Mmoja alisema Mungu atubariki, mwingine akaitika Amina, na yeye, mikono ikiwa na damu, Amina ikamkwama kooni. Kijana alikuwa anayakariri maneno kama somo. Nikamwambia: usiniambie kwamba imekukwama, jaribu kwanza kuisema. Akafungua mdomo. Neno aliloliimba kila Jumapili tangu utotoni. Midomo ikajikunja kwenye ile "A", vidole vikakaza vijiti, hakutoka kitu. Mama aliyekuwa anafagia kati ya mabenchi akasimamisha ufagio.

Onyesho hilo lifanyie mazoezi kuliko mengine yote. Anayeumia namna ile bado ni mtu.

Kisha tazama kinachopungua. Kwa Duncan alitetemeka. Kwa Banquo, rafiki yake wa vitani, anatuma watu wamuue, na yeye Macbeth anamwambia mkewe asijue chochote mpaka kazi iishe. Huyu ndiye mke ambaye Macbeth alimwandikia barua haraka kumpasha habari ya wachawi, akimwita mshirika wa ukubwa wake! Halafu Macduff, mkuu mmoja wa Uskoti: ametoroka, yuko Uingereza, nyumbani wamebaki mke na watoto. Kuwaua hakumwongezei Macbeth kitu. Duncan alipimiwa sababu tatu. Watoto wale hawakupimiwa hata moja. Anasema wazi kwamba tangu sasa wazo likizaliwa moyoni, mkono utatenda palepale. Mama yako amesema kweli kuhusu mwanzo na mwisho, lakini kati ya tamaa na mauti kuna matendo matano, na wewe utayatembea yote kwa miguu yako.

Kuhusu historia: aliishi. Alitawala Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan wa kweli alikufa vitani, si kitandani. Kisa cha mfalme kuuawa akiwa mgeni Shakespeare alikitoa kwenye habari za mfalme mwingine, Duff. Aliandika yapata 1606, wakati James, mfalme aliyetoka Uskoti na kuaminiwa kuwa wa uzao wa Banquo, alikuwa anatawala Uingereza tangu 1603. Ndiyo sababu Banquo anatoka msafi.

Bado tendo la tano. Kuna mahali anataja vitu ambavyo mzee angepaswa kuwa navyo: heshima, upendo, utii, marafiki wengi, na anakubali kwamba yeye hatavipata. Usipige kelele hapo. Keti, hata kama ni kwenye benchi la darasa. Baadaye wanawake watalia ndani, kwa sababu mkewe amekufa, naye atasema amekaribia kuisahau ladha ya woga. Waombe wasichana walie nyuma ya pazia mpaka sauti iishe yenyewe, na wewe usigeuze kichwa haraka.