Kuhusu hayo mambo ya kuhamia Calgary

Mwanangu,

Jumapili uliniuliza kwani nangoja nini, si nije tu nizeekee huko kwenu Calgary, Canada, na mimi nikajifanya netiweki imepotea. Haikupotea. Nilitaka kuulizia kwanza.

Hiyo supa visa ya wazazi unayosema ni kweli iko, tangu 2022 ukiingia unaweza kukaa hadi miaka mitano, lakini hiyo bado ni kutembea si kuhamia, na lazima niwe na bima ya kulipia mwenyewe ya dola 100,000 za huko kwa sababu matibabu yenu ya serikali hayanihusu. Sasa hapo kwa bima ndio pako na kazi. Wakala aliniuliza nameza dawa gani, nikamwambia ukweli ni za presha na daktari alinibadilishia mwezi jana, akasema basi presha hawalipii mpaka ikae imetulia miezi kadhaa. Yaani wanalipia kila kitu ila kile kinaweza kuniua! Na kwa hii miaka yangu 67 bei ndio hiyo inapanda, atakayelipa ni wewe, pensheni ya mwalimu ukiibadilisha dola ni ya maziwa na mkate.

Hiyo ya kunisponsa nipate makaratasi ya kudumu nayo imekuwa bahati nasibu, hadi 2025 walikuwa bado wanachota majina ya walioandikisha 2020, na 2020 wewe ulikuwa hapa Buruburu unaniomba fea. Ukibahatika unasaini kunitunza miaka 20. Nitakuwa na 87, na wewe una watoto wa kusomesha. Pesa yao ya wazee nayo ni mpaka uwe umekaa kwao miaka 10.

Lakini tuseme hayo yote yaishe, mchana nitaongea na nani? Nyinyi mko kazi, watoto Kiswahili wanashika nusu. Hapa ikifika saa tatu sijafungua geti mama mboga anakuja kugonga. Sikukuambia, ile siku ya kizunguzungu ni yeye aliniitia boda, akapanda nyuma yangu akanishika mpaka hospitali, na kibanda akaacha wazi.

Nitakuja Juni na visa ya kawaida, nirudi kabla baridi haijaanza. Nipangie chumba cha chini, magoti hayataki ngazi. Majani ya chai nibebe ngapi?

Mamako