Thamani ya kudumu: AI, chipu au dawa?

Mkuu, umeuliza kati ya AI, chipu na dawa thamani ya kudumu iko wapi. Mi nakushauri usiangalie modeli yenyewe ya AI (akili bandia) maana ikitoka leo kesho kuna nyingine ya bure, angalia kitu ambacho mtu hawezi kukikopi haraka. Kampuni ya ASML ya Uholanzi ndo peke yao duniani wanaouza mashine za EUV, yaani zinazotumia mwanga wa mawimbi mafupi sana, za kuchapia chipu za kisasa kabisa, hiyo kuifikia ni miaka na miaka. Kwenye dawa, AlphaFold, programu ya AI ya Google DeepMind, ishatabiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 na data iko wazi kwa wote, kwa hiyo ugumu umebaki kwenye majaribio kwa binadamu, ambako takribani dawa 9 kati ya 10 zinafeli, na mwenye data safi za majaribio hayo ndo namwamini zaidi.