Kipepeo huyo wa Karura ni Papilio dardanus, na jike wake hana mkia

Dada, kipepeo huyo wa manjano hafifu mwenye ukingo mweusi na mikia miwili uliyemfuata kwenye msitu wa Karura, Nairobi, ni dume la Papilio dardanus. Unauliza mbona jike haonekani: huenda umempita mara nyingi! Majike wa huku kwetu kwa kawaida hawana mikia, na wengi huiga rangi za vipepeo wasiolika, kama Danaus chrysippus wa rangi ya chungwa, ili ndege wawaache. Hata wao kwa wao hawafanani. Kwangu mimi hakuna kipepeo wa kusisimua kumshinda huyu.

Picha zako zina ukungu kwa sababu kipepeo huyu hupigapiga mabawa hata akinyonya maua. Weka kasi ya shata ya kamera (muda inaofunguka kuingiza mwanga) iwe sekunde 1/1000 au fupi zaidi, na usimkimbize. Mngoje penye maua ya lantana jua likishapasha, kivuli chako kisimwangukie. Madume hutua pia kwenye matope ya kando ya mto kunyonya chumvi, na hapo hutulia zaidi.

Una mlimau nyumbani? Kagua majani. Viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege mara nyingi ni wa jamaa yake, Papilio demodocus.